Ndizi Juu ya Hadibodi

Kirua Vunjo, Jumamosi alasiri

Manka wangu,

Wewe uko Marangu unamuaga bibi yako, na mimi nimekaa juu ya kitanda chako, katika chumba ambacho hujalala hata usiku mmoja. Ukungu umeondoka, jua limeingia mpaka kwenye mto. Mlango nimeuacha wazi ili nisikie randa ya mume wangu huko nje. Mume wangu. Miezi mitatu sasa, na bado nikiliandika neno hilo naona kalamu inataka kucheza. Unisamehe. Nilikuwa mjane miaka tisa, nilishasahau kwamba mtu anaweza kuamka asubuhi na kukuta kuna mwenzake aliyekwisha washa moto na kukutengea chai, halafu akakaa kimya akikutazama unavyoinywa kana kwamba hajawahi kuona mtu akinywa chai.

Kesho unaanza safari ya Songea, uwe mwalimu. Sitakuandikia habari za kuchemsha maji wala chandarua wala watu wa kuwaogopa stendi. Mengine unayajua kuliko mimi, na mengine jirani wa huko atakufundisha. Nataka kukuandikia habari za mabodi. Najua hapo umeguna. Lakini soma mpaka mwisho, maana mbele kuna jambo linalokuhusu wewe, na nimelificha miaka kumi na sita.

Kwanza tazama kulia kwako. Kuta tatu za chumba hiki zimefunikwa, dari imefunikwa, lakini ukuta wa dirishani uko uchi. Unaona mbao za fremu, na nyuma yake mbao za nje zenye nyufa ambazo upepo wa mlimani unapita mwezi wa saba. Chini ya dirisha zimeegemezwa bodi tatu. Zimekaa hapo mwezi mzima. Ulifikiri ni uzembe wa fundi. Ulimwambia bibi yako hivyo, naye akaniambia.

Basi ngoja nianze kule nyuma.

Ulikuwa na miaka mitano. Ni miaka ile ambayo vitu vilianza kurudi madukani. Sisi tuliokuwa tumezoea kupanga foleni ya sabuni, tulikuwa tukishuka Moshi mjini tunasimama mbele ya maduka kama watu waliofika nchi ya kigeni. Siku moja mimi na baba yako tuliona duka limejaa mabodi kutoka sakafuni hadi juu, ya kahawia, ya manjano, meupe. Nilishika hadibodi. Unaijua, ile bodi nyembamba ya kahawia, upande mmoja una alama kama za wavu na upande wa pili unang'aa. Katika ule upande wa kung'aa niliuona uso wangu. Manka, nilipenda. Nilimwambia baba yako kwamba sebule yetu itakuwa na dari, ya kwanza katika kitongoji chetu, na haitakuwa na bodi nyingine ila hii.

Fundi alikuwa Aloisi. Wakati huo alikuwa kijana mwembamba wa Kirua juu, mpole, ana penseli sikioni. Alikuja, akatazama paa, akapima, kisha akaniuliza swali ambalo nilikuja kujua baadaye kwamba ndilo huanza nalo kila kazi.

"Mama Manka, juu ya dari hii kutakaa nini?"

Nilimcheka. Nikamjibu, "Hewa."

Akasema kama ni hewa, hadibodi inatosha. Akazilowesha maji upande wa nyuma, akazilaza mgongo kwa mgongo usiku kucha, ili zikipigiliwa na kukauka zijivute zenyewe na kukaza. Mimi nilidhani anaziharibu. Nilimfuata baba yako kihambani, kwenye migomba, kumwambia kwamba fundi wake anaogesha mabodi. Lakini zilipopigwa, zilinyooka kama shuka ya hospitali. Akaacha na kitundu cha mraba kwenye kona, mtu aweze kupanda kuangalia bati. Watu walikuja kutazama. Kuna mzee aliingia, akavua kofia, akakaa muda mrefu akiangalia juu, kisha akauliza sasa moshi wetu utapita wapi.

Sasa sikiliza upumbavu wangu, na naomba usinihurumie unaposoma.

Sisi tumezaliwa tukijua kwamba juu ya kichwa cha mtu ni mahali pa ndizi. Jikoni kwa bibi yako, juu ya meko, kuna zile fito, na ndizi za mbege, pombe yetu, zinapandishwa hapo mbichi ziive kwa moshi. Mimi nililelewa chini ya ndizi. Na ilikuwa Desemba, watu wa Dar na wa Arusha wanarudi nyumbani Krismasi, mashemeji zangu wote wanakuja na wake zao kuona dari, na mimi nilitaka mbege iwe nyingi kuliko nyumba zote. Fito za jikoni zilikuwa zimejaa. Nikatazama kile kitundu. Juu ya dari, chini ya bati, palikuwa na joto kama tanuri. Nikasema moyoni, Mungu amenipa dari ya pili.

Baba yako alikuwa ameenda mnadani. Nilipandisha mikungu sita, Manka. Sita, ile mikubwa ya kubebwa begani. Na aliyenishikia ngazi ulikuwa wewe. Ulikuwa mdogo, umeshika kile kipago cha chini kwa mikono miwili, ukaniuliza kama ndizi zinaenda kulala. Nikakuambia ndiyo, zinaenda kulala, tusiziamshe.

Jumapili iliyofuata zamu ya sala za jumuiya ilikuwa kwetu. Baada ya Misa niliwatangulia wote ili niweke chai, nikiwa nimekushika mkono. Nilifungua mlango. Ile dari ilikuwa sakafuni. Bodi mbili zimeng'oka nzima, vichwa vya misumari vimepita katikati yake kama vidole kwenye karatasi, na ndizi zimetapakaa juu ya makochi, nyingine zimeiva, zimepasuka. Ukasimama. Ukasema kwa sauti ya mtu anayetoa habari tu, "Mama, ndizi zimetoboa nyumba."

Nilikuwa na dakika kumi. Badala ya kukaa chini nicheke, nilikusanya ndizi zote kwa kanga, nikapeleka zizini, nikafunika na majani ya ng'ombe. Nilipanguza makochi. Jumuiya walipoingia na baba yako, walikuta mabodi chini na mimi nimesimama mikono kiunoni. Baba yako akauliza kumetokea nini. Nikasema, muulizeni fundi wenu.

Nawe ukasema, mbele ya wote, "Ni ndizi za mama."

Hapo ndipo pananiuma mpaka leo. Nilikuwa bado naweza kusema ndiyo. Watu wangecheka, baba yako angenuna siku mbili, yakaisha. Lakini nilicheka mimi kwanza. Nikasema, "Huyu alikuwa na homa usiku, bado anaota." Wakacheka wote. Mwenyekiti wa jumuiya akakupapasa kichwa, akakuuliza kama kwenye ndoto hiyo kulikuwa na maparachichi pia. Ulinitazama. Hukulia papo hapo. Ulienda nyuma ya nyumba, ukalia huko, na mimi nilikusikia huku nikimimina chai.

Aloisi aliitwa jioni hiyohiyo. Walimsema. Alisimama katikati ya sebule amekunja kofia mkononi. Akainama, akainua bodi moja, akaitazama upande wa juu. Kisha akanitazama mimi. Akaigeuza, ule upande ukaelekea kifuani kwake, akaitoa nje. Kabla ya Krismasi alikuwa ameshapewa jina, Mshushadari. Mashemeji zangu walilipenda, wakalipeleka mpaka Dar. Watu wakaacha kumwita kwa kazi za dari. Akawa fundi wa mabanda ya kuku na madawati.

Na wewe ukakua ndani ya hadithi hiyo. Nilikusikia ukiisimulia kwa wenzako ulipokuwa darasa la nne, siku dari ilipotuangukia, fundi wake hajui kupiga msumari. Ndizi ulishazisahau. Nilikuwa nimekusahaulisha mimi. Nilikuwa ninapepeta mahindi, nikaendelea kupepeta.

Sasa njoo nikuambie mazuri kidogo, maana nikikaa hapo muda mrefu nitalia na karatasi italowa.

Mwaka juzi, wewe ukiwa chuoni, nilishuka Moshi kutafuta bodi za chumba cha kulala. Upepo ulikuwa unanitoboa mgongo. Mtu akanielekeza duka moja mtaa wa Pasua, la mama mmoja anayeuza misumari, rangi na mabodi, na kitimoto, nyama ya nguruwe, nyuma yake. Nikaingia, nikamkuta mwanamume ameweka sikio kwenye plaiwudi, anaigonga kwa kidole kilichokunjwa, taratibu, anasogea kidogo, anagonga tena. Nywele zimeanza mvi. Penseli sikioni. Nilimtambua kwa ile penseli. Ningeweza kutoka. Sijui ni nini kilinisukuma. Nadhani ilikuwa ni kutaka tu kujua anasikiliza nini.

Nikamwambia, "Fundi, unabisha hodi? Humo anakaa nani?"

Hakugeuka. "Anayekaa humu ni hewa," akasema, "ndiyo maana siitaki."

Manka, uso wangu uliwaka. Nilijua amenitambua kwa sauti. Akageuka, akanisalimia vizuri, akaushika mkono wangu na kuuweka kwenye bodi. Akanionyesha. Plaiwudi ni karatasi za mti zilizobandikwa moja juu ya nyingine, kila moja nyuzi zake zimekatisha ya chini yake, ndiyo maana haipasuki kirahisi. Lakini gundi ikikosekana mahali fulani ndani, kwa macho huwezi kujua. Unagonga. Mahali pazima panajibu kwa sauti fupi, ngumu. Mahali penye pengo panajibu kama debe. Nikagonga mwenyewe. Nikasikia! Nilifurahi kama mtoto. Nilitaka kugonga duka zima. Yule mama mwenye duka akasema, "Nyinyi wawili mnanunua au mnacheza ngoma?"

Tulikaa mle mpaka saa nane. Nilimuuliza kila kitu. Akanieleza sofitibodi, ile nyepesi inayofanana na mkate uliokauka, kwamba inashika joto na inanyamazisha mvua kwenye bati, unaweza kuchomeka pini kwa kidole gumba, lakini inakunywa maji na panya wanaipenda. Akanieleza chipibodi, kwamba ni nzito bure na ikilowa inavimba kama andazi. Akanionyesha jipsamu, ambayo ndiyo kwanza inaingia kutoka Dar, nyeupe kabisa, chokaa iliyofungwa ndani ya karatasi ngumu, moto hauipendi, lakini ukiidondosha kwa kona imekufa. Kulikuwa na shiti za zamani za asibesto uani. Nikauliza mbona hizo hazigusi. Akasema vumbi lake linaua mafundi polepole, akasogea mbali kidogo na kunisogeza na mimi, mkono wake begani kwangu. Nilijikuta ninashukuru kuwepo kwa asibesto. Usicheke. Au cheka.

Tulipotoka nje, nilisimama. Nikasema, "Fundi, juu ya ile dari hakukuwa na hewa."

"Najua," akasema. "Kulikuwa na mikungu sita."

"Ulijuaje?"

"Nilihesabu madoa ya utomvu juu ya mabodi."

Nikamuuliza kwa nini hakusema, ameishi na lile jina miaka yote hiyo. Nilitegemea aseme alimwogopa baba yako, au alinionea huruma. Akasema, "Mtoto alikwisha sema. Walinisimulia jioni ile, wakicheka. Kama mtoto wa nyumba hakuaminiwa, ningeaminiwa mimi?"

Halafu akauliza, "Yule mtoto yuko wapi siku hizi?"

Nikamwambia uko chuo cha ualimu. Ungeuona uso wake. Akasema, "Siku ile, katika watu wote, yeye peke yake ndiye aliyenitetea."

Sasa unaelewa, mwanangu, mimi niliposikia ulichosema mwezi uliopita nilijisikiaje. Ulisimama hapo mlangoni na begi lako, ukatazama juu, ukasema, "Mama, mimi silali chini ya dari ya Mshushadari." Ukaenda kulala jikoni. Aloisi, aliyekwisha kuwa mume wangu, alikuwa nyuma yako ameshika ndoo ya maji yako ya kuoga. Aliiweka chini polepole ili isimwagike. Kila asubuhi unampa shikamoo, kwa hilo sikulaumu, lakini unamwita fundi, hukai naye mezani, na kesho unakusudia kutoka kwa mlango wa jikoni ili usimpe mkono.

Ningekuambia siku ileile. Nilifungua mdomo. Lakini nilikuwa bibi arusi, Manka, nina kitenge kipya, nina raha ya kijinga ambayo sikuwahi kuwa nayo hata nikiwa msichana, na niliogopa kwamba nikisema, utanitazama tena kama ulivyonitazama siku ile. Kwa hiyo nikanyamaza mara ya pili. Hili la pili ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu safari hii sikuwa na dakika kumi, nilikuwa na mwezi.

Basi nasema sasa. Ulisema kweli. Ulikuwa na miaka mitano, uliona sawasawa, ukasema sawasawa, na mama yako akakufanya uonekane mtoto wa homa. Hukuota. Zilikuwa ndizi zangu. Utakuwa na darasa la watoto huko, na siku moja mmoja wao atasimama aseme jambo ambalo watu wazima watalicheka. Sikufundishi kazi yako. Nakuambia tu kwamba huyo mtoto ulikuwa wewe.

Jumapili ijayo zamu ya jumuiya ni hapa kwetu tena. Nitasimama sebuleni, chini ya dari ambayo Aloisi ameipiga upya, nitawahesabia mikungu sita. Mwenyekiti ni yuleyule, kazeeka, lakini masikio anayo. Nimemwambia Aloisi. Kwanza alikataa, akasema amelizoea lile jina, hata ana mpango wa kuliandika kwenye ubao wa karakana ili wateja wasimpotee. Anatania. Nimeona alivyoshika patasi akisema hivyo.

Nimemsomea na barua hii, saa hizi, dirishani, yeye akiwa nje na maranda kwenye nywele. Alisikiliza mpaka hapo pa mikungu sita mara ya pili. Akasema niandike pia kwamba mbao zake za dari alikuwa amezipanga mbali mno, zingekuwa karibu huenda zingevumilia. Nimeandika kwa sababu ameniomba. Usimsikilize. Zilikuwa sawa kwa dari ya kubeba hewa.

Nakuja kwenye ukuta wako. Bodi tatu hizo hazikusahauliwa. Chumba hiki alikianza kabla hujarudi, akafunika kuta tatu, akafika kwenye huu wa dirishani akaweka nyundo chini. Akasema ukuta huu ndio utakaoutazama ukiwa umelala, na hawezi kumchagulia mtu bodi bila kumuuliza utabeba nini. Nikamwambia achague tu, wewe unaondoka. Akasema walimu hupewa likizo.

Ile ya kwanza ni plaiwudi. Ameigonga yote, nami nimeigonga yote baada yake, haina pengo. Inaweza kubeba rafu ya vitabu. Ya pili ni sofitibodi, unaweza kuchomeka picha na barua za wanafunzi wako, na upepo utanyamaza kabisa. Ya tatu ni jipsamu, nyeupe, haibebi kitu kizito lakini mwanga wa asubuhi ukiipiga chumba kizima kinaamka. Kila nikiingia humu nabadilisha mawazo. Zinuse pia. Plaiwudi inanukia msitu, jipsamu inanukia shule mpya.

Hadibodi hakuleta. Ni mimi niliyemkataza.

Juu ya mto, kando ya barua hii, nimekuwekea kipande cha chaki, nimekitoa kwenye kile kikasha chako cha Songea. Ukirudi kutoka Marangu kabla jua halijazama, utamkuta bado kwenye benchi lake pale nje, mkono wa kushoto ukitoka mlango wa mbele. Weka alama kwenye bodi unayoitaka, kisha nenda ukamwambie ukuta wako utabeba nini. Usipotaka, kibebe kesho pamoja na chaki zako nyingine, nami nitakusindikiza stendi na nitakupenda vilevile. Bodi zitakaa hapo.

Randa imenyamaza. Nadhani anatazama barabarani kama unakuja.

Mimi, niliyepandisha ndizi,
Mama yako